Pampu ya mzunguko

Pampu ya mzunguko ni pampu ndogo ya umeme inayosukuma maji ya moto kutoka kwenye boila, kupitia mabomba, hadi kwenye rejeta za nyumba, kisha kuyarudisha kwenye boila yapashwe upya. Hutumika katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Uingereza, Ujerumani, Denmark na Kanada, ambako nyumba nyingi hupata joto lake lote kutoka mahali pamoja. Umbo lake si kubwa; mara nyingi halizidi ngumi mbili za mtu mzima. Hata hivyo ikisimama, boila huweza kuwaka kama kawaida huku vyumba vyote vikibaki baridi.

Katika nchi hizo hitilafu ya aina hii si jambo la usumbufu tu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba joto la ndani ya nyumba wakati wa baridi lisipungue sentigredi 18, na wanaoumia kwanza chini ya hapo ni wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa kifua na moyo. Kwa sababu hiyo watu hukimbilia kununua pampu mpya haraka. Wengi hugundua baadaye kwamba pampu ya zamani haikuwa na kosa, na kwamba ubovu ulikuwa kwenye vali, kwenye hewa iliyonaswa au kwenye maji yenyewe. Kutafuta chanzo kwa utaratibu kabla ya kufungua spana ya kwanza huokoa fedha na muda.

Kazi yake

Mfumo wa kupasha nyumba joto kwa maji ni duara lililofungwa. Maji yale yale huzunguka mwaka hadi mwaka. Hayatumiki kuoga wala kunywa. Yakipita ndani ya rejeta huachia joto lake kwa hewa ya chumba, yakapoa kiasi, yakarudi kwenye boila.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba pampu hiyo lazima iwe na nguvu ya kupandisha maji hadi ghorofa ya juu, kama pampu ya kisima inayojaza tangi la paani. Sivyo. Kwa kuwa mabomba yamejaa maji pande zote mbili, uzito wa maji yanayoshuka husawazisha uzito wa maji yanayopanda, kama mnyororo wa baiskeli ambao upande mmoja unashuka huku mwingine ukipanda. Kazi ya pampu ni kushinda msuguano ndani ya mabomba, kona, vali na rejeta. Ndiyo maana pampu yenye mota ya wati 40 tu inaweza kuhudumia nyumba ya ghorofa mbili.

Kiasi cha maji kinachohitajika kinaweza kukokotolewa kwa fizikia ya sekondari. Lita 1 ya maji ikipoa kwa digrii 1 ya sentigredi hutoa kilojuli 4.2 hivi. Tuseme nyumba inahitaji kilowati 10 za joto, yaani kilojuli 10 kila sekunde, na maji yanatoka kwenye boila yakiwa na digrii 70 na kurudi yakiwa na 50. Kila lita imeacha kilojuli 84 njiani. Kwa hiyo zinahitajika lita 0.12 kwa sekunde, au lita 7 hivi kwa dakika. Hicho si kiasi kikubwa. Bomba la kawaida la jikoni hutoa zaidi. Lakini mtiririko ukishuka hadi nusu, maji hupoa kupita kiasi kabla ya kufika mwisho wa mstari, na rejeta za mwisho hazipati kitu. Huko mwisho wa mstari ndiko pampu dhaifu huanza kujulikana.

Historia

Kabla ya pampu maji yalizunguka yenyewe. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi: lita 1 yenye digrii 80 ina uzito wa gramu 972 hivi, na yenye digrii 60 gramu 983. Tofauti hiyo ya gramu 11 ndiyo iliyokuwa injini ya mfumo mzima. Boila iliwekwa chini kabisa, mara nyingi katika chumba cha chini ya ardhi, na mabomba yalikuwa manene ili msuguano uwe mdogo. Kanuni hiyo hiyo inatumika hadi leo katika mitambo mingi ya kuchemsha maji kwa jua inayoonekana juu ya mapaa ya Nairobi au Arusha, ambayo tangi lake huwekwa juu kuliko paneli ili maji ya moto yapande yenyewe bila umeme.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wilhelm Opländer wa mji wa Dortmund, Ujerumani, alitengeneza kifaa cha kuharakisha mzunguko: mapanga yaliyowekwa ndani ya kona ya bomba na kuzungushwa na mota iliyokuwa nje. Tangu hapo mabomba yakaweza kuwa membamba na boila ikaweza kuwekwa popote, hata jikoni. Baadaye zilikuja pampu ambazo mota yake yenyewe huzunguka ndani ya maji, na hizo ndizo zilizoenea majumbani.

Hatua iliyofuata ilihusu umeme. Pampu za zamani zilikuwa na kasi mbili au tatu za kuchaguliwa kwa mkono, na zilikula umeme ule ule usiku na mchana. Kuanzia tarehe 1 Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliweka kiwango cha ufanisi kilichoziondoa sokoni nyingi kati ya hizo, zikachukuliwa nafasi na pampu zenye sumaku za kudumu na udhibiti wa kielektroniki. Pampu ya wati 60 ikifanya kazi saa 5,000 kwa mwaka hutumia uniti 300 za umeme. Ya wati 10 hutumia uniti 50.

Muundo

Pampu ya nyumbani ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni ganda la chuma linalounganishwa na mabomba, lenye gurudumu la mapanga ndani yake. Ya pili ni mota. Shafti ya mota, mara nyingi ya kauri, hubeba gurudumu hilo upande mmoja na rota upande mwingine. Rota huzunguka ndani ya kikopo chembamba cha chuma kisichoshika kutu, na kikopo hicho kimejaa maji ya mfumo. Nje ya kikopo, mahali pakavu, ndipo penye koili za waya za umeme.

Maji hayo hufanya kazi mbili zaidi: hulainisha beringi na kupoza mota. Pampu haina grisi wala oili. Ikiendeshwa bila maji, hata kwa dakika chache, beringi huanza kuungua. Na kwa sababu maji ya mfumo hupita mpaka kwenye beringi, uchafu wowote uliomo majini nao hufika huko. Sehemu kubwa ya ubovu unaoelezwa hapa chini inatokana na jambo hilo moja.

Kutambua kama tatizo ni pampu

Swali la kwanza halihusu pampu kabisa. Ni hili: je, baridi iko nyumba nzima au chumba kimoja?

Rejeta moja ikiwa baridi na nyingine zote zina moto, pampu haina hatia. Mara nyingi ni vali ya rejeta hiyo. Vali nyingi za kisasa zina kichwa kinachohisi joto la chumba na kusukuma kijipini kidogo. Kijipini hicho hukwama kikiwa chini baada ya miezi ya kiangazi, na maji hayapiti. Kichwa kikifunguliwa, kijipini kinaweza kubonyezwa taratibu kwa upande butu wa kifaa mpaka kirudi juu chenyewe. Hakivutwi kwa koleo, maana kikichomoka maji hufuata.

Rejeta ikiwa na moto chini na baridi juu, ina hewa. Ikiwa na moto juu na pembeni lakini baridi chini katikati, ina tope. Ghorofa ya juu ikiwa baridi yote na ya chini ina moto, kwa kawaida maji yamepungua katika mfumo au hewa imejaa juu. Kinyume chake, yaani juu kuna vuguvugu na chini hakuna kitu, ni dalili inayofaa kuangaliwa kwa makini: pampu huenda imesimama, na maji ya moto yanapanda yenyewe kwa wepesi wake, kama yalivyofanya katika mifumo ya zamani.

Nyumba nzima ikiwa baridi huku boila inawaka dakika chache, inazima, inapumzika, kisha inawaka tena, maana yake joto linazalishwa lakini haliondoki. Baadhi ya boila hutoa mlio kama wa birika linalokaribia kuchemka. Hapo washukiwa ni wawili: pampu, na vali ya umeme inayofungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Fundi asiye makini hubadilisha pampu kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Uchunguzi

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba pampu imeamriwa kufanya kazi. Themostati ya ukutani hupandishwa juu ya joto la chumba, na saa ya kuendesha mfumo huwekwa katika hali ya kuwaka daima. Si mara moja tu mtu ameita fundi kwa gharama, kumbe saa ilipoteza majira baada ya umeme kukatika. Fyuzi ya mfumo huangaliwa pia. Nchini Uingereza mfumo huu kwa kawaida hupewa swichi yake yenye fyuzi ya ampea 3.

Boila nyingi huendelea kuizungusha pampu kwa dakika kadhaa baada ya moto kuzimika, ili joto lililobaki lisilete madhara ndani ya boila. Kwa hiyo pampu kuzunguka wakati boila imezimika si hitilafu.

Baada ya hapo mikono na masikio hufanya kazi. Bomba la kutoka kwenye boila linaweza kufika digrii 80, joto linalounguza ngozi mara moja, basi huguswa kwa haraka au kupitia kitambaa. Kosa la kawaida ni kugusa bomba karibu sana na pampu. Chuma husafirisha joto, na sentimita chache kutoka kwenye pampu pande zote mbili zitakuwa za moto hata kama maji yamesimama. Mahali pa kupima ni mita moja au mbili mbele, na hasa bomba la kurudi. Bomba la kutoka likiwa la moto sana na la kurudi likibaki baridi baada ya dakika 15, maji hayazunguki. Moto ukiishia kwenye vali ya umeme, kabla yake kuna moto na baada yake hakuna, basi vali ndiyo iliyofunga njia. Vali nyingi za aina hiyo zina kiwiko kidogo cha kufungulia kwa mkono. Kiwiko kikisogezwa na joto likapita, jibu limepatikana bila kugusa pampu.

Kwa masikio, mafundi hutumia njia ya zamani: ncha ya bisibisi ndefu huwekwa juu ya mwili wa pampu, na mpini wake hugusishwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Pampu nzima hutoa mtetemo laini usiobadilika. Mvumo wa umeme bila mtetemo wa kuzunguka unaonyesha kwamba mota inapata umeme lakini rota imekwama, au kwamba kapasita imekufa. Sauti ya maji yanayobwabwaja ni hewa. Mkwaruzo ni beringi zilizokwisha, na hizo hazina dawa. Kimya kabisa ni ama umeme haufiki ama waya wa koili umeungua. Hapo anahitajika mtu mwenye mita ya kupimia volti, naye apime kwa tahadhari kwa sababu ni volti 230 karibu na maji. Pampu za kielektroniki hurahisisha mambo kidogo, kwa kuwa huwa na taa au tarakimu zinazobadilika penye hitilafu. Maana ya kila rangi imo katika kijitabu cha mtengenezaji na hutofautiana kati ya aina moja na nyingine.

Pampu iliyokwama

Hitilafu hii hujitokeza zaidi siku ya kwanza ya baridi. Pampu imelala tangu majira ya joto, chembe za kutu na chokaa zimetulia kwenye nafasi nyembamba kati ya shafti na beringi, zikakauka na kushika kama gundi. Mota haina nguvu ya kuivunja gundi hiyo.

Pampu nyingi za zamani zina skrubu kubwa katikati ya uso wake. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu ya mfumo, si kwenye themostati, kwa sababu themostati inaweza kuwasha mfumo tena. Maji huachwa yapoe. Kitambaa na bakuli huwekwa chini, kisha skrubu hufunguliwa polepole. Matone ya maji yatatoka. Hilo ni la kawaida, lakini yakitoka kwa nguvu isiyopungua skrubu hurudishwa mara moja. Ndani huonekana ncha ya shafti yenye mfereji, ambamo bisibisi bapa huingia. Shafti huzungushwa taratibu kulia na kushoto mpaka iwe nyepesi. Skrubu hurudishwa, maji hukaushwa, umeme huwashwa.

Wapo wanaoigonga pampu kwa nyundo ndogo, na ni kweli kwamba mara nyingine huamka. Lakini shafti ya kauri hupasuka kwa pigo, na pampu ya kielektroniki haivumilii kabisa. Pampu za karibuni nyingi hazina skrubu hiyo. Baadhi zina kitufe cha kubonyezea shafti, na nyingine hujitikisa zenyewe mbele na nyuma mpaka zifunguke.

Pampu iliyowahi kukwama mara moja huelekea kukwama tena. Mwenye nyumba mwenye busara huhesabu kwamba amepata muda wa kutafuta chanzo, si kwamba amemaliza kazi.

Kapasita

Mota za zamani za pampu hizi huhitaji kapasita ndogo ili kuanza kuzunguka. Ikichoka, mota huvuma bila kuanza, kwa hiyo dalili yake hufanana sana na ya kukwama. Tofauti ni kwamba shafti huwa nyepesi kwa bisibisi. Kapasita mpya ni ya bei ndogo ukilinganisha na pampu nzima, lakini ile ya zamani huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa, na kazi hiyo ni ya fundi umeme.

Hewa na shinikizo

Hewa ikikusanyika ndani ya pampu, mapanga huzunguka bure. Mifumo iliyofungwa ina geji ya shinikizo, ambayo maji yakiwa baridi husoma kati ya bar 1 na 1.5. Ikishuka chini ya hapo, maji huongezwa kupitia vali ya kujazia na rejeta hutolewa hewa kwa ufunguo mdogo, kuanzia ghorofa ya chini. Geji inayoshuka kila wiki inaonyesha uvujaji mahali fulani. Inayopanda hadi karibu bar 3 kila boila inapowaka inaonyesha kwamba tangi la upanuzi limepoteza hewa yake.

Katika mifumo ya wazi, yenye tangi dogo darini, hewa mara nyingine huletwa na pampu yenyewe. Ikiwekwa mahali pasipofaa kati ya bomba la kujazia na bomba la kupumulia, huvuta hewa kutoka juu au kumwaga maji ya moto ndani ya tangi. Kasoro hiyo ni ya aliyejenga mfumo, na pampu mpya haiwezi kuitibu.

Tope jeusi

Anayefungua skrubu ya kutolea hewa na kuona maji meusi kama wino amekutana na chanzo kikuu cha vifo vya pampu. Rejeta nyingi ni za chuma. Chuma na maji yenye oksijeni kidogo huzalisha magnetiti, aina ya oksidi ya chuma yenye fomula Fe3O4. Si nyekundu kama kutu ya bati la paa. Ni nyeusi, laini kama unga, na huvutwa na sumaku. Jaribio lake ni rahisi hata kwa darasa: maji hayo yakitiwa ndani ya glasi na sumaku ikapitishwa nje ya ukuta wake, chembe nyeusi huifuata.

Sifa hiyo ya kuvutwa na sumaku imeleta shida mpya. Rota ya pampu za kisasa ni sumaku ya kudumu, kwa hiyo inakusanya magnetiti kutoka kwenye maji yanayopita mchana na usiku. Pampu inayookoa umeme ndiyo hiyo hiyo isiyovumilia maji machafu. Mtu anaweza kutoa pampu ya miaka 25 iliyochoka, akaweka mpya ya bei kubwa juu ya maji yale yale, na ikafa kabla pampu ya zamani haijasahaulika. Kisha lawama humwendea mtengenezaji.

Mchakato wa kutu pia huweza kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hupanda na kukaa juu ya rejeta. Ndiyo sababu rejeta fulani huhitaji kutolewa "hewa" kila mara ingawa hakuna hewa iliyoingia. Gesi hiyo huwaka, kwa hiyo hakuna kiberiti wala sigara karibu wakati wa kuifungulia.

Kinachoendeleza kutu ni oksijeni mpya, na oksijeni huingia na maji mapya. Kila anayeongeza maji wiki hadi wiki badala ya kuziba uvujaji anailisha kutu. Tiba yake huanza kwa kuziba uvujaji, kisha kuusafisha mfumo kwa maji na dawa ya kulegeza tope, kuweka chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudi karibu na boila, na mwisho kutia dawa ya kuzuia kutu. Chujio hufunguliwa na kusafishwa wakati boila inapofanyiwa huduma ya mwaka. Kazi hii huonekana ghali kwa sababu haina kitu kipya cha kuonyesha, lakini ndiyo inayoamua umri wa pampu.

Kubadilisha pampu

Pampu za nyumbani nchini Uingereza kwa kawaida zina urefu wa milimita 130 kati ya uso wa kiungo kimoja na kingine. Ujerumani na kwingine barani Ulaya ile ya milimita 180 ni ya kawaida pia. Urefu huo hupimwa kabla ya kununua.

Pande zote mbili za pampu huwa na vali za kufungia maji ili mfumo mzima usimwagwe. Vali hizo nazo huzeeka. Zilizokaa miaka mingi bila kuguswa mara nyingi hazifungi kabisa, na hilo hugunduliwa wakati nati imeshalegezwa na maji yanamwagika sakafuni. Afadhali kulegeza nati kidogo sana kwanza na kungoja uvujaji ukome.

Mshale uliochorwa kwenye ganda huelekezwa upande maji yanakokwenda. Gasketi huwekwa mpya daima. Shafti ya mota lazima ilale mlalo, isisimame wima, kwa kuwa pampu ikisimama hewa hujikusanya kwenye beringi ya juu na kuiacha kavu. Kisanduku cha nyaya hakiwekwi chini ya mwili wa pampu, tone lisije likaingia. Umeme huwashwa baada ya mfumo kujazwa na kutolewa hewa, si kabla.

Kasi huanzia chini. Wengi huiweka juu kabisa wakidhani nyumba itapata joto zaidi, lakini kinachoongezeka baada ya kiwango fulani ni kelele kwenye vali na bili ya umeme. Hupandishwa ikiwa tu rejeta ya mbali kabisa haipati moto.

Usalama na sheria

Pampu iliyo nje ya boila ni suala la maji na umeme. Iliyo ndani ya ganda la boila ya gesi ni suala jingine, kwa sababu ganda hilo mara nyingi ni sehemu ya kinga dhidi ya moshi wenye sumu. Nchini Uingereza kazi za gesi hufanywa na mafundi walioandikishwa katika daftari la Gas Safe, lililoanza kutumika huko tarehe 1 Aprili 2009. Bei ya mtu asiyeandikishwa huwa nafuu mpaka siku ya ajali.

Kwa wapangaji, wakiwamo wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi katika miji ya Uingereza, sheria ina neno. Kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, inayotumika England, humtaka mwenye nyumba kutunza na kutengeneza mitambo ya joto la vyumba na ya maji ya moto katika upangaji wa kawaida wa makazi. Mpangaji hana sababu ya kufungua pampu wala kuilipia. Kinachomfaa ni kutoa taarifa mapema kwa maandishi yenye tarehe, na kutaja alichokiona: rejeta zipi ni baridi, geji inasoma ngapi, boila inatoa mlio gani. Taarifa ya namna hiyo humfanya fundi afike na kifaa kinachohitajika safari ya kwanza.

Hatari kubwa iko katika kipindi cha kungoja fundi. Katika nyanda za baridi za Afrika ya Mashariki, kama Makete na Njombe, watu wamezoea kuota jiko la mkaa, na hata huko limewaua waliolala nalo ndani. Nyumba za Ulaya zimezibwa zaidi, madirisha na milango haipitishi upepo, na jiko la mkaa au la kuchomea nyama likiingizwa ndani hujaza chumba kaboni monoksidi kwa muda mfupi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Anayeivuta huhisi kichwa kuuma na usingizi, na wengi hawaamki. Hita ya umeme iliyowekwa mbali na mapazia, na familia kukusanyika chumba kimoja, ni njia salama zaidi.

Nyumba ikiachwa tupu bila joto wakati wa barafu, maji ndani ya mabomba huganda, huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi na kupasua bomba au ganda la pampu. Uvujaji wake huonekana barafu inapoyeyuka, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Katika hali hiyo mfumo hupunguzwa maji yote kupitia koki ya chini kabisa. Na katika miezi ya joto, pampu isiyo na utaratibu wa kujiamsha yenyewe huwashwa kwa dakika chache kila wiki mbili au tatu, huku boila ikiwa imezimwa, ili shafti isipate nafasi ya kushika.